Baiskeli ya umeme ya milimani hunogea wapi

Anayehamia kwenye baiskeli ya umeme ya milimani baada ya miaka kadhaa ya baiskeli ya kawaida huuliza kwanza mteremko mzuri uko wapi. Mazoea ndiyo yanayomsukuma. Kwenye baiskeli isiyo na mota, kupanda ni jasho na kushuka ndiyo malipo yake, kwa hiyo mtu huchagua mlima kwa kuangalia njia ya kushukia na kuvumilia yoyote ile ya kupandia. Ukishaweka mota, fanya kinyume chake. Tafuta kwanza njia ya kupandia iliyo nyembamba, yenye kona na mizizi, inayodai akili yako kila baada ya mita chache. Ukiipata, mteremko wa wastani tu utatosha kuikamilisha siku. Ukiikosa, hata mteremko wa kusifika utakuacha ukijiuliza baiskeli ya kilo 24 umeichukua ya nini.

Sababu iko kwenye mota yenyewe. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, baiskeli inayohesabiwa kuwa baiskeli, si pikipiki, ina mota iliyopimwa wati 250, husaidia pale tu unapokanyaga pedali, na msaada hukatika ukifika kilomita 25 kwa saa. Marekani, daraja la kwanza la baiskeli hizi hukatika kwenye maili 20 kwa saa, yaani kilomita 32. Sasa fikiria barabara pana ya changarawe iliyo tambarare. Unafika kilomita 25 ndani ya sekunde chache, mota inanyamaza, na kuanzia hapo miguu yako peke yake inasukuma chuma kizito chenye tairi za meno makubwa. Kwenye mteremko nako mota imelala. Mahali inapofanya kazi kweli ni kati ya kilomita 5 na 20 kwa saa, na mwendo huo ni wa kupanda mlima na wa vijia vinavyopindapinda msituni. Mashindano yenyewe yamelitambua hilo. Mashindano ya enduro, yaani mbio za milimani ambazo muda hupimwa kwenye miteremko, yakiwa ya baiskeli za umeme yamekuwa na vipande vinavyopimwa muda wakati wa kupanda, jambo ambalo enduro ya kawaida haina. Na ubingwa wa dunia wa baiskeli za umeme za milimani, uliofanyika mara ya kwanza mwaka 2019 huko Mont-Sainte-Anne, Kanada, upande wa wanaume ulikwenda kwa Alan Hatherly wa Afrika Kusini, mtu wa mbio za baiskeli za nyika, mbio ambazo kupanda ndiko kunakoamua mshindi.

Njia nzuri ya kupandia ina mwinuko wa asilimia 8 hadi 15 kwa sehemu kubwa, na vipande vifupi vya asilimia 20 au 25 vya kukupima. Chini ya hapo mota inafanya kazi yote na wewe unakuwa abiria. Juu ya hapo, kwa muda mrefu, gurudumu la mbele linanyanyuka na starehe inageuka kuwa mieleka. Vingazi vya mawe au mizizi vya sentimita 15 hadi 20 vinafaa sana, mradi kuwe na mita mbili tatu za kupumzika kati ya kimoja na kingine. Kona za kugeuka nyuma ziwe na upana wa kutosha kuzungusha baiskeli yenye umbali wa mita 1.2 na zaidi kutoka ekseli hadi ekseli. Kona iliyobana kuliko hapo inakulazimu kushuka, na kuanza tena kukanyaga kwenye mwinuko ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Epuka njia yenye ngazi za chuma, uzio wa kuvuka kwa kunyanyua baiskeli begani, au vipande virefu vya kubeba. Kilo 24 hazibebeki kama 13 za baiskeli ya kawaida. Kitufe cha kusaidia kutembea, kinachoisukuma baiskeli polepole kwa mwendo usiozidi kilomita 6 kwa saa, kinafaa kwenye udongo na vingazi vifupi, si kwenye uzio.

Udongo nao una usemi. Udongo wa msituni wenye majani yaliyooza, siku moja baada ya mvua nyepesi, unashika tairi kuliko kitu chochote. Mfinyanzi uliolowa uache kabisa: unajaza meno ya tairi, uzito wa baiskeli unachimba mfereji, na mota ikizungusha gurudumu papo hapo unaharibu kwa dakika moja njia ambayo watu waliitengeneza kwa majembe kwa siku nzima. Mchanga mkavu unapitika ukikanyaga kwa wepesi bila kusimama, uzito ukiwa nyuma kidogo. Mwamba wa mchanga ni habari nyingine. Njia ya Slickrock huko Moab, Utah, iliyofunguliwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, ni kama kilomita 17 za mwamba mtupu, na mpira wa tairi unaushika kiasi kwamba unapanda kuta ambazo ukizitazama kwa chini huamini. Kwa kuwa pikipiki zinaruhusiwa pale, baiskeli ya umeme haina shida ya ruhusa. Kwa maoni yangu ni katika sehemu chache ambako ngazi ya juu kabisa ya msaada wa mota, ile unayoichagua kwa kitufe, inastahili kutumika muda mrefu, kwa sababu gurudumu haliserereki.

Sehemu ya pili ninayoitaja kila nikiulizwa ni Finale Ligure, Italia, ambako vilima vinapanda hadi karibu mita 1000 kilomita chache tu kutoka baharini. Wenye baiskeli za kawaida hupelekwa juu kwa gari. Mwenye mota hupanda mwenyewe, anashuka, anapanda tena kwa upande mwingine, na kwa siku moja anapitia njia tatu au nne. Huo ndio mpangilio ninaoupenda: mlima mmoja, njia moja nzuri ya kupandia, njia kadhaa za kushukia, na kurudia. Mzunguko mmoja mrefu wa kilomita 50 unavutia kwenye ramani, lakini mara nyingi nusu yake ni barabara ya kuunganishia.

Hesabu ya betri

Kabla ya kuchagua njia, angalia mita za kupanda, si kilomita. Kilomita hazisemi kitu. Hesabu yake ni rahisi na ukishaielewa hutaogopa tena ile taa ya mwisho ya betri. Mpandaji na mkoba wake kilo 80, baiskeli kilo 24, jumla 104. Kuinua uzito huo mita 1000 kunahitaji nishati ya wati-saa 283 hivi. Kwenye ngazi ya kati ya msaada, tuseme mota inabeba theluthi mbili, yaani wati-saa 189. Mota hupoteza kama robo ya umeme wake kwa joto, kwa hiyo betri inatoa karibu 250. Ongeza ukinzani wa udongo laini na tairi nene, unafika 300. Basi shika hivyo: wati-saa 300 kwa kila mita 1000 za kupanda kwenye ngazi ya kati, na 350 hadi 400 kwenye ngazi ya juu kabisa.

Acha asilimia 20 ya akiba. Betri ya wati-saa 500 inakupa basi mita 1300 hivi, na ya 750 inakupa mita 2000. Chukua mfano wa Ziwa Garda, Italia. Kutoka mji wa Riva, ulio kama mita 70 juu ya usawa wa bahari, hadi njia ya mlimani ya Tremalzo, mita 1665, ni kama mita 1600 za kupanda kwenye barabara ambazo sehemu yake ilichongwa na wanajeshi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Zidisha: wati-saa 480. Mwenye betri ya 500 akianza na ngazi ya juu kabisa ataishiwa kabla ya kilele. Akitumia ngazi ya chini kwenye sehemu laini na kuiweka ya kati kwenye changarawe yenye mwinuko mkali, atafika na akiba. Mwenye betri ya 750 hana haja ya hesabu hiyo, ila amebeba kilo moja na zaidi ya ziada.

Baridi inakula hesabu. Karibu na nyuzi 0 betri ya lithiamu inatoa pungufu kwa asilimia 20 au zaidi, kwa hiyo ilale ndani ya nyumba, uifunge kwenye baiskeli dakika ya mwisho. Usiichaji ikiwa chini ya nyuzi 0 hata kidogo, maana lithiamu hujipaka kama madini kwenye seli na madhara yake hayarudi nyuma. Joto kali nalo lina lake: ukipanda mlima mrefu kwenye ngazi ya juu huku ukikanyaga taratibu kwa gia ngumu, mota inapata moto na kujipunguzia nguvu yenyewe. Watu hudhani imeharibika. Weka gia nyepesi, kanyaga haraka zaidi, shusha msaada ngazi moja, na baada ya dakika chache nguvu inarudi.

Mkienda kundi, anayeongoza hesabu ni mwenye betri ndogo na mwili mzito. Mwenye miguu imara aweke ngazi ya chini, aliyechoka aweke ya juu, na mtajikuta mnazungumza mkiwa mnapanda, jambo ambalo kwenye baiskeli za kawaida halitokei kabisa kati ya watu wenye uwezo tofauti. Hii ni raha kubwa ya chombo hiki na wachache huitaja.

Kupanda kwenyewe

Mota za katikati, zinazokaa kwenye fremu pale penye pedali, hutoa nguvu yake vizuri ukikanyaga mizunguko 70 hadi 90 kwa dakika. Zile za nguvu kamili zina msokoto wa newton-mita 85 hivi, na kwa muda mfupi hufika wati 500 hadi 600, juu ya zile 150 au 200 za miguu yako. Kosa la kawaida ni kuingia kwenye mwinuko na gia nyepesi kuliko zote pamoja na msaada wa juu kuliko wote. Kwa mchanganyiko huo, pedali moja ikishuka baiskeli inaruka mbele, gurudumu la nyuma linaserereka, la mbele linanyanyuka. Ingia na gia mbili au tatu ngumu zaidi ya hiyo, na ngazi ya kati, ili nguvu ije polepole. Kama baiskeli yako ina ngazi inayoongeza msaada kulingana na unavyokandamiza pedali, iache hapo siku nzima. Ni bora kuliko kubonyeza kitufe katikati ya mizizi.

Kiti kishushe sentimita 3 hivi, si chote. Sogea hadi pua ya kiti, viwiko vielekee chini, kifua kikaribie usukani. Macho yawe mita tatu mbele, maana ukilitazama jiwe utalipiga. Mbele ya kingazi, punguza mwendo kidogo, nyanyua uzito kutoka kwenye usukani ili gurudumu la mbele lipande, kisha kanyaga kwa nguvu mara moja. Mota nyingi huendelea kusukuma kwa sekunde ndogo baada ya mguu kusimama, na hiyo sekunde ndiyo inayopandisha gurudumu la nyuma. Jifunze kuitegemea. Inakuruhusu kusimamisha pedali zikiwa sawasawa juu ya jiwe badala ya kuzungusha na kuligonga.

Kugonga pedali ndiyo ajali ya wapandaji wengi wapya, kwa sababu sasa wanakanyaga mahali ambapo zamani walikuwa wakisukuma kwa mkono. Ndiyo maana baiskeli hizi huja na mikono ya pedali ya milimita 165 au 160 badala ya 175. Kwenye mawe, kanyaga nusu mzunguko, rudisha nyuma, kanyaga tena nusu.

Na ukisimama katikati ya mwinuko? Igeuze baiskeli ikate mlima badala ya kuuelekea, shusha kiti, weka msaada wa chini, shika breki ya nyuma, pedali ya mbele iwe juu kidogo ya usawa. Achia breki pale pale unapokanyaga pedali. Ukiiweka kwenye ngazi ya juu itakutupa.

Gia zibadilishwe kabla ya kuhitajika. Nguvu ya miguu na ya mota zote hupita kwenye mnyororo mmoja, na ukibadilisha huku ukikandamiza utasikia mlio kama wa kitu kinachovunjika, na mara nyingine ndicho kinachotokea. Legeza mguu kwa nusu mzunguko, bonyeza, subiri, kanyaga. Mnyororo upimwe kwa kipimo chake kila baada ya kilomita 200 au 300 na ubadilishwe ukirefuka asilimia 0.5. Ukiuacha, utakula sproketi za nyuma, na hizo ni ghali kuliko mnyororo mara kadhaa.

Kushuka, na vitu vinavyoharibika

Ukishuka, uzito ni rafiki hadi pale unapotaka kusimama. Baiskeli inatulia juu ya mawe na haitupwi ovyo, lakini breki zinabeba kazi kubwa zaidi. Diski za milimita 200 au zaidi na kaliba (vibanio vya breki) za pistoni nne si anasa. Usizishike mfululizo. Funga kwa nguvu kabla ya kona, achia ndani ya kona. Ukisikia harufu ya kuungua au wenzo wa breki ukianza kukaribia usukani, simama dakika tano na usizimwagie maji.

Upepo wa tairi ndio marekebisho ya bure yanayobadilisha kila kitu. Kwa mtu wa kilo 80 na tairi za tyubulesi za inchi 2.4 hadi 2.6, anza na psi 22 mbele na 25 nyuma. Rimu ikigonga jiwe, ongeza mbili nyuma. Tairi ya nyuma iwe na ukuta mzito. Ukuta mwembamba unapasuka kwa sababu kilo zote za ziada ziko katikati na nyuma. Shokomzoba ya nyuma izame asilimia 25 hadi 30 ukikaa juu yake na mkoba, ya mbele 15 hadi 20.

Kinachokatisha safari mara nyingi si mota wala betri. Ni sumaku ndogo ya kihisi cha mwendo kwenye gurudumu la nyuma, ambayo jiwe au kijiti huisogeza. Mota inazima ghafla, skrini inaonyesha hitilafu, mtu anaanza kusukuma baiskeli kurudi. Kabla ya hapo, itazame sumaku hiyo, irudishe ielekeane na kihisi, zima mfumo, washa tena. Beba pia kiungo cha mnyororo, hangeri (kipande kinachoshikilia kibadilisha gia kwenye fremu) ya baiskeli yako hasa, vizibo vya tairi, pampu na tyubu moja. Hata mota ikifa kabisa, mota nyingi za sasa hujitenga na pedali, na sproketi ya meno 51 itakufikisha, polepole.

Baada ya tope, osha kwa maji yasiyo na mgandamizo. Mashine ya kuoshea magari hupenyeza maji kwenye beringi za mota, na beringi hizo ndizo hufa mapema.

Ruhusa

Hapa nitakuwa mfupi kwa sababu sheria ni za kila mahali na lazima uzisome za huko uendako. Scotland, sheria ya mwaka 2003 inawapa waendesha baiskeli haki ya kupita karibu kila mahali kwa kuwajibika, na baiskeli ya wati 250 inahesabiwa kuwa baiskeli. England na Wales zina njia za farasi ambazo baiskeli zimeruhusiwa tangu 1968, lakini njia za waenda kwa miguu hapana. Austria, barabara za msituni hazifunguki kwa baiskeli bila idhini ya mwenye msitu, kwa hiyo fuata zilizowekwa alama. Katika jimbo la Baden-Württemberg, Ujerumani, njia ya msituni yenye upana chini ya mita 2 haiendeshwi baiskeli. Na Marekani, ardhi mbili za umma zilizopakana zinaweza kuwa na masharti tofauti, kwa hiyo soma kibao cha mwanzo wa njia kila mara.

Jambo moja halitegemei nchi: usipande njia iliyotengwa kwa kushukia. Wewe unakuja juu kwa kilomita 15 kwa saa, mwenzako anashuka kwa 30, na hakuna anayetarajia mwingine. Ukimkuta mtembeaji, piga kengele mapema. Baiskeli yako haina sauti na yeye hajazoea kupitwa akiwa anapanda.

Ukisafiri kwa ndege, betri haiendi. Abiria haruhusiwi betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na ndogo kabisa ya baiskeli hizi ni zaidi ya hapo, kwa hiyo utakodi huko huko. Kabla ya kulipa, uliza betri ni ya wati-saa ngapi, si ya kilomita ngapi. Pima mnyororo, tazama pedi za breki ziwe na zaidi ya milimita 1 ya nyenzo, tikisa mikono ya pedali kuona kama imelegea, kisha ipande mita 50 za mlima mkali ukibadilisha gia zote. Omba na chaja, hata kama ni ya siku moja, na hakikisha ni ya chapa ile ile ya betri: ya chapa nyingine mara nyingi haitaingia.